Egas Moniz, Daktari wa Ubongo

Kwetu Quiterajo mtu akipooza upande mmoja, kwanza huitwa mwalimu amsomee, maana hospitali kubwa iko mbali, Pemba. Mjomba wangu alipopooza ndipo nilipoamua kusoma udaktari. Na nilipofika somo la mishipa ya damu ya ubongo nikakutana na Mreno, António Egas Moniz.

Alizaliwa Avanca mwaka 1874, akasoma udaktari Coimbra, kisha akajifunza maradhi ya mishipa ya fahamu Ufaransa. Tangu 1911 alikuwa profesa Lisbon na akitibu katika hospitali ya Santa Marta. Siasa nazo zilimvuta, hata 1918 akawa waziri wa mambo ya nje. (Wakati huo kwetu tulikuwa chini ya Kampuni ya Niassa.)

Eksirei ya siku zile ilionyesha fuvu tu. Moniz akawaza: ukidunga kwenye mshipa wa shingoni dawa isiyopitisha miale, mishipa ya kichwani itaonekana. Alijaribu kwanza kwa maiti na kwa mbwa. Alipoanza kwa wagonjwa, mmoja alikufa, naye akabadilisha dawa. Mwaka 1927 picha ikatoka. Vidole vyake vilikuwa vimeharibiwa na jongo, kwa hiyo upasuaji aliufanya msaidizi wake, Almeida Lima. Njia hiyo, kwa dawa salama zaidi, inatumika hadi leo kutafuta mshipa uliovimba au kupasuka.

Lau angeishia hapo! Mwaka 1935 alianza kuharibu nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo ili kutibu wagonjwa wa akili, mwanzo kwa kudunga alkoholi, baadaye kwa kukata. Baada ya wagonjwa 20 tu, waliofuatiliwa muda mfupi, mwaka 1936 akatangaza mafanikio. Sobral Cid, daktari aliyempa wagonjwa wale, alikataa kumpa wengine. Marekani maelfu walikatwa, na wengi walibaki kama watu waliozimwa. Moniz akapewa Nobel mwaka 1949.

Mimi kinachonisumbua ni kwamba alikuwa bingwa kweli. Subira aliyokuwa nayo kwenye picha ya mishipa, kwenye kukata hakuwa nayo.

Alifariki Lisbon mwaka 1955. Baadhi ya jamaa za waliokatwa waliomba afutiwe tuzo ile, haikufutwa.