Maisha ya Profesa Wangari Maathai na Suala la Israfu Shuleni

Msimu wa mvua unapofika, shule za Ikonge na viunga vyake katika kaunti ya Nyamira hupanda miti, kama zifanyavyo shule nyingi nchini Kenya. Wanafunzi hupanga mstari, mgeni wa heshima hushika jembe, picha hupigwa, na jina la marehemu Profesa Wangari Maathai hutajwa angalau mara moja. Idadi ya miche iliyopandwa huandikwa katika ripoti. Baada ya hapo mbuzi nao huja. Na pale shimoni, kando ya kila mche, hubaki kile kifuko cheusi cha plastiki kilichobebea mche kutoka kitaluni, kimetupwa na wale wale waliokuja kutunza mazingira.

Makala haya yanasimulia maisha ya mwanamke huyo kwa kuegemea upande mmoja ambao aghalabu husahaulika. Wengi humkumbuka kama mpandaji wa miti. Ukiyafuatia maisha yake kwa makini, hata hivyo, utaona kuwa kupanda kulikuwa nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa ni kuhesabu kilichosalia, na kukasirishwa na kila kilichopotea bure.

Wangari alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Baba yake alikuwa mfanyakazi katika shamba la mlowezi huko Bonde la Ufa, na familia iliishi huko kwa muda kabla mama hajarudi Ihithe na watoto ili wavulana wapate shule. Kwa desturi za wakati ule, msichana alikuwa wa kumsaidia mama. Ni kaka yake, Nderitu, aliyeuliza kwa nini Wangari asisome kama wao, na mama, ambaye hakuwa amesoma, akaona hakuna sababu ya kumzuia. Akaanza shule akiwa na umri wa miaka minane hivi. Vifaa vyake vilikuwa kibao cha kuandikia, daftari moja, penseli na mfuko mdogo wa kubebea. Siku za mwanzo binamu yake alimwonyesha jinsi ya kuandika, kisha akachukua kifutio na kuyafuta maandishi. Wangari alistaajabia kile kifutio kuliko hata yale maandishi. Kibao huandikwa, kikafutwa, kikaandikwa tena. Mwanafunzi wa leo anayechana karatasi nzima kwa kosa la neno moja huenda asielewe mshangao huo.

Karibu na nyumbani kwao palikuwa na mkuyu mkubwa ambao Wagĩkũyũ huuita mũgumo. Mama yake alimkanya kuokota kuni chini yake kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Kando yake palichimbuka kijito, na msichana huyo alizoea kucheza majini, akijaribu kuyashika mayai ya vyura ambayo kila mara yalimponyoka vidoleni. Miaka mingi baadaye, alipokuwa amesoma na kurudi, aliambiwa kwamba mkuyu ulikatwa ili kupisha chai, na kijito kilikuwa kimekauka. Mkaazi wa Gusii hahitaji kufafanuliwa maana ya habari hiyo. Chai ilipoingia kwenye vilima vyetu katika miaka ya mwisho ya ukoloni ilileta ada za shule na mabati ya nyumba, nayo pia ilidai ardhi na kuni.

Masomo yake nitayapitia kwa haraka, kwani yanafahamika. Alisoma katika misheni ya Mathari, Nyeri, kisha Loreto, Limuru. Mwaka wa 1960 alikuwa miongoni mwa vijana waliosafirishwa kwenda Marekani kwa ufadhili, akapata shahada ya biolojia huko Kansas mwaka wa 1964 na ya uzamili Pittsburgh mwaka wa 1966. Alirudi Nairobi akiwa na barua ya kazi mkononi, akaambiwa nafasi ile imekwisha kupewa mtu mwingine. Profesa mmoja Mjerumani, Reinhold Hofmann, ndiye aliyempa kazi katika idara ya anatomia ya wanyama. Mwaka wa 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamifu, na mwaka wa 1976 akaiongoza idara hiyo hiyo.

Ajabu ni kwamba aliyempeleka kwenye miti ni kupe. Utafiti wake ulihusu ugonjwa wa ndigana, na kuwakusanya kupe kulimtoa ofisini akaenda mashambani. Huko aliona ng'ombe waliokonda na mito iliyobeba udongo mwekundu kila mvua iliponyesha. Wakati huo huo, katika Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, aliwasikia akina mama wa vijijini wakilalamika kwamba kuni ni haba, na kwa ajili hiyo wanawapikia watoto vyakula vinavyoiva upesi ambavyo havina nguvu mwilini. Udongo, kuni na afya ya mtoto vikawa kwake jambo moja.

Jaribio lake la kwanza halikufaulu. Mnamo 1974 alianzisha kampuni iliyoitwa Envirocare, iliyokusudia kuwaajiri watu wasio na kazi wapande miti. Fedha zikakosekana, maji yakawa shida, na miche mingi ikafa. Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, Baraza la Wanawake liliandamana hadi Kamukunji, Nairobi, likapanda miti saba kwa heshima ya mashujaa wa jamii mbalimbali. Hapo ndipo Vuguvugu la Mkanda wa Kijani lilipozaliwa. Vitabu vya shule huishia hapo na kuruka hadi Tuzo ya Nobel. Lakini katika ile miti saba, ni miwili tu iliyostahimili. Naona hesabu hii inafaa kufundishwa kuliko tarehe yenyewe, kwa sababu yaliyofuata yote yalitokana nayo.

Kwanza, wataalamu wa misitu walidhani wanawake watachukua miche michache, wakaahidi kuwapa bure. Maombi yalipozidi, ahadi ikabatilishwa. Wataalamu hao hao wakasema kuwa kuotesha miche kunahitaji watu wenye stashahada. Wangari akawaambia wanawake watumie akili ile ile wanayotumia kwa mahindi na maharagwe: wakusanye mbegu za miti ya kwao, wazioteshe, waone kitakachoota. Wengine walitumia vyungu vilivyovunjika, wakaviweka juu mahali ambapo kuku na mbuzi hawawezi kufika. Chombo kilichokuwa kiende jaani kikawa kitalu.

Pili, na hili ndilo kiini cha makala haya, malipo. Kikundi hakikulipwa kwa mche uliopandwa. Kililipwa senti chache kwa mche uliopona, baada ya wafuatiliaji kurudi miezi kadhaa baadaye na kuhesabu. Utaratibu mzima, tangu kuunda kikundi hadi kurudi kuhesabu, uligawanywa katika hatua kumi, na kuchimba shimo hakukuwa hatua ya mwisho. Mikanda yenyewe ilikuwa safu za miti isiyopungua 1,000, nayo mara nyingi ilipandwa katika ardhi ya umma, zikiwemo shule. Kufikia 2004 vuguvugu lilikuwa limepanda zaidi ya miti milioni 30. Shule inayotangaza kupanda miche 500 bila kueleza ni mingapi ilikuwa hai Desemba imefuata mapokeo mengine, si ya Wangari.

Yaliyompata kwa upande wa siasa na ndoa yanastahili makala yao. Ndoa yake ilivunjika mahakamani mwaka wa 1979, na kwa kusema wazi maoni yake juu ya hukumu akaonja jela kwa siku chache. Mwaka wa 1982 aliacha kazi chuoni ili agombee ubunge, akazuiwa, na alipotaka kurudi chuoni akakuta mlango umefungwa. Mwaka wa 1989 alilipinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kusimamishwa Uhuru Park, nalo halikujengwa. Mwaka wa 1992 alipigwa na polisi hadi akazirai alipokuwa na akina mama waliodai wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa. Januari 1999 akajeruhiwa kichwani kwenye msitu wa Karura, uliokuwa ukigawiwa watu binafsi. Desemba 2002 wapigakura wa Tetu walimpeleka bungeni kwa asilimia 98 ya kura, na mwaka uliofuata akawa Waziri Msaidizi wa Mazingira. Oktoba 2004 ikaja habari ya Nobel.

Inasemekana mtu akishapata tuzo hupumzika. Yeye alipata neno jipya. Februari 2005, Itifaki ya Kyoto ilipoanza kutekelezwa, alikuwa mgeni nchini Japani, na huko akasikia neno mottainai. Wajapani hulitumia kuonyesha uchungu wa kuona kitu chenye thamani kikipotea bila kutumika ipasavyo, na ndani yake mna heshima na shukrani kwa kitu hicho. Wangari alilipenda kwa kuwa lilikusanya pamoja mambo aliyokuwa akiyataja moja moja: kupunguza matumizi, kutumia tena, kurejeleza, na kutengeneza kilichoharibika. Mwezi uliofuata alilipeleka katika mkutano wa Umoja wa Mataifa huko New York kuhusu hali ya wanawake, akawataka wajumbe walitamke pamoja naye. Popote alipokwenda baadaye aliwaonyesha watu furoshiki, kitambaa cha Kijapani cha kufungia na kubebea vitu.

Mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kulipita jambo hili bila neno. Tunalo tayari neno israfu, tuliloazima Kiarabu, nalo lina uzito wa dhambi na wala si uzembe tu. Tunao ubadhirifu, ingawa siku hizi magazeti yamelifunga neno hilo kwenye fedha za umma. Tunayo leso inayofunga mzigo, inayombeba mtoto, ikichakaa inakuwa kitambaa cha kupangusia. Kinachotupungukia ni kuyatumia maneno haya pale yanapohusika. Mwalimu wa zamu anayeona ndoo ya githeri ikimwagwa atasema chakula kimebaki. Hatasema ni israfu. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo Wangari alipotushinda wanalugha, kwa sababu alijua kuwa watu hawaoni hasara wasiyoipa jina.

Adui wake mkubwa katika kampeni hiyo alikuwa mfuko mwepesi wa plastiki, ule ambao Wakenya wengi waliuita juala. Ulikuwa ukiziba mitaro, ukimezwa na mifugo, na kushika maji ambamo mbu huzaana. Aliwahimiza watu warudie kiondo na kikapu. Hakuishi kuiona sheria. Marufuku ya mifuko hiyo ilianza tarehe 28 Agosti 2017, ikiwa na faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4 au kifungo, na soko la Ikonge, kama masoko yote ya nchi, likalazimika kujifunza upya kufunga nyanya. Chupa na vifungashio vya peremende na biskuti havikuguswa na marufuku hiyo, na hivyo ndivyo vilivyojaa nyuma ya madarasa.

Kuna jambo jingine ambalo angetuuliza sisi wa Gusii, nalo ni mikaratusi. Alikuwa na shaka kubwa na miti ya kigeni iliyopandwa kwa ajili ya mbao na kuni peke yake, hasa kandokando ya mito, kwa kuwa hunywa maji mengi na chini yake hapaoti kitu. Mwaka wa 2009 Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliamuru mikaratusi iondolewe karibu na mito. Mabonde yetu bado yamejaa. Ni rahisi kumlaumu mkulima, lakini shule ya bweni inayopikia mamia ya wanafunzi kwa kuni ndiyo mmoja wa wateja wake, na mara nyingi hupika kwa mafiga yanayopoteza sehemu kubwa ya moto hewani. Shule hiyo hiyo hutupa majivu na maganda ya ndizi shimoni, kisha hununua mbolea ya bustani dukani. Klabu ya mazingira ikitaka mahali pa kuanzia, iache jembe kwanza, iende jikoni ikapime kuni za wiki moja na chakula kinachomwagwa, iandike, irudi mwezi unaofuata ikapime tena. Hiyo ndiyo hatua ya kumi, nayo haina mgeni wa heshima.

Wangari Maathai alifariki Nairobi tarehe 25 Septemba 2011 kwa maradhi ya saratani, akiwa na umri wa miaka 71. Alikuwa ameagiza kuwa asizikwe katika jeneza la mbao. Ilibidi watu wake watafute njia, na wakasuka jeneza kwa mianzi, mafunjo na magugu-maji. Magugu hayo ni yale yanayolisonga Ziwa Victoria, yakinenepa kwa udongo na mbolea inayoshushwa na mito ya nyanda za juu, ikiwemo Gucha inayochimbuka kwenye milima ya Nyamira. Tarehe 8 Oktoba 2011, baada ya ibada ya kitaifa Uhuru Park, alichomwa katika tanuru la Kariokor ndani ya jeneza hilo.