Klaus Wachsmann, mkimbizi aliyekusanya sauti za Uganda

Lori linalotoka Busia kwenda Kampala hupita Iganga, likaingia Jinja na kuvuka Mto Nile. Linalotoka Malaba kuelekea Mbale hupita Tororo. Wafanyabiashara wa njia hizi wanajua kwamba mwezi wa Agosti, katika mwaka unaogawanyika kwa mbili, safari ya Mbale huweza kuchelewa. Barabara hujaa vijana waliopakwa unga, wanawake wanaocheza na wapiga ngoma za kadodi. Ni msimu wa imbalu, jando la Wagisu. Wabukusu wa upande wa Kenya wa Mlima Elgon nao wana jando lao katika miaka hiyo hiyo, kwa kuwa mpaka uliochorwa na wakoloni haukuwahi kuugawa ukoo.

Miongoni mwa watu wa kwanza kuichukulia miziki ya Uganda kama hazina ya kutunzwa kwa mashine alikuwa Mjerumani ambaye nchi yake mwenyewe ilikuwa imemkataa.

Klaus Wachsmann alizaliwa Berlin mwaka 1907. Alisoma muziki katika mji huo chini ya Erich von Hornbostel na Curt Sachs, wataalamu wawili ambao mwaka 1914 walitoa mpango wa kupanga ala za muziki za dunia nzima kwa makundi, na mpango huo unatumika mpaka leo. Berlin ya wakati ule ilikuwa na ghala kubwa la sauti lililokusanya muziki kutoka kila bara. Kijana aliyefundishwa hapo alijifunza kwamba wimbo usiorekodiwa hufa pamoja na mwimbaji.

Mwaka 1933 Hitler alitwaa madaraka. Hornbostel na Sachs walipoteza kazi zao na kuihama nchi. Wachsmann, aliyekuwa na asili ya Kiyahudi, hakuwa na mustakabali Ujerumani. Alimalizia shahada ya udaktari Fribourg, Uswisi, mwaka 1935, kwa utafiti juu ya nyimbo za kale za kanisa. Kisha alihamia London, akajifunza lugha za Kibantu, na mwaka 1937 akaja Uganda.

Hakuja kama mtafiti wa ngoma. Kwa miaka kumi hivi alifanya kazi ya elimu katika misheni za Kiprotestanti. Wakati huo makanisa na shule nyingi za misheni zilizihesabu ngoma za asili kuwa mambo ya kishenzi, na mtoto wa shule alifundishwa nyimbo za Kiingereza kwa kinanda. Wachsmann aliishi ndani ya mfumo huo huku masikio yake yakiwa nje. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba mtu wa misheni ndiye aliyekuja kuwapa heshima wapigaji ambao misheni ziliwapa kisogo.

Nafasi ilipatikana mwaka 1948 alipokuwa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda, Kampala. Makumbusho hayo yalianzishwa mwaka 1908, na kama mengine ya zama zile yalikuwa mahali pa kuweka vitu vilivyonyamaza: ngao, mikuki na ngoma. Wachsmann aliona ngoma isiyopigwa ni gogo na ngozi tu. Akawaleta wanamuziki wenyewe wapige mbele ya wageni. Mashuhuri kati yao alikuwa Evaristo Muyinda, aliyekuwa akipiga katika jumba la Kabaka. Muyinda alipiga na kufundisha kwa miaka mingi, na watafiti kutoka Ulaya walikaa chini kujifunza marimba kwake. Mwaka 1954 makumbusho yalihamia jengo jipya katika kilima cha Kitante, lililochorwa na Ernst May, Mjerumani mwingine ambaye siasa za kwao zilimfikisha Afrika Mashariki.

Lakini kazi kubwa ya Wachsmann ilikuwa barabarani. Kati ya mwaka 1949 na 1954 alizunguka Uganda akirekodi: Buganda, magharibi, kaskazini, na huku mashariki kwa Wasoga na Wagisu. Mashine za siku zile zilikuwa nzito na zilihitaji umeme, na vijijini umeme haukuwepo. Bwawa la Owen Falls pale Jinja lilizinduliwa na Malkia Elizabeth mwezi Aprili 1954, wakati kazi hiyo ya kurekodi ilikuwa inafikia mwisho. Hata hivyo alikusanya rekodi zaidi ya 1,500.

Busoga ilikuwa na mengi ya kumpa mtu wa namna hiyo. Kuna embaire, marimba makubwa ya magogo yanayolazwa juu ya migomba, chini yake pakachimbwa shimo ili sauti ivume. Wapigaji sita au zaidi hulizunguka, kila mmoja akitia pigo lake katika upenyo ulioachwa na mwenzake, kiasi kwamba msikilizaji husikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga peke yake. Kwa Wagisu kuna litungu, ala ya nyuzi saba, ndugu wa nyatiti ya Waluo. Mbukusu wa Bungoma akiisikia litungu sokoni Mbale hahitaji mkalimani, jina ni lile lile.

Wachsmann hakuridhika na kurekodi. Alipima. Mwaka 1950 alichapisha katika jarida la kisayansi la Nature matokeo ya vipimo vya kinubi cha Kiganda, akaonyesha kwamba nyuzi zake ziligawanya sauti katika hatua tano zilizokaribiana mno kwa ukubwa. Kwa mtu asiye mwanamuziki hilo ni jambo dogo. Wakati ule halikuwa dogo hata kidogo, maana wengi wa Ulaya walidai kwamba Mwafrika anapotofautiana na piano amekosea. Vipimo vilionyesha kwamba fundi wa Kiganda alikuwa na kanuni yake na aliifuata kwa uangalifu. Mwaka 1953 alitoa pamoja na Margaret Trowell kitabu kikubwa juu ya kazi za mikono za Uganda, na sehemu ya ala za muziki ni yake.

Aliondoka Uganda mwaka 1957. Baada ya London alifundisha Marekani, kwanza Los Angeles na kisha Chuo Kikuu cha Northwestern, akawa pia rais wa chama cha wataalamu wa muziki wa mataifa. Alifariki Uingereza mwaka 1984.

Akiwa mbali, rekodi zake zilipata thamani ambayo hakuna aliyeitamani. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la serikali ya Obote lililivamia jumba la Kabaka kule Mengo. Kabaka Mutesa wa Pili alikimbilia London, akafia huko mwaka 1969. Ala za jumbani ziliharibiwa na wapigaji wakatawanyika. Mwaka 1967 falme zote zilifutwa, Busoga ikiwemo, na miziki iliyoishi kwa ajili ya mfalme ikakosa mwenyewe. Sauti za wanamuziki wa Kabaka za kabla ya siku hiyo zilibaki katika kazi za watu wachache, Wachsmann akiwa mmoja wao.

Hapa kuna jambo linalouma. Rekodi hizo ziliwekwa London. Kwa miongo kadhaa mtafiti wa Uingereza aliweza kumsikiliza mzee wa Uganda akiimba, wakati wajukuu wa mzee huyo hawakujua hata kama sauti yake ipo. Tukimshukuru Wachsmann kwa kukusanya, hatuna budi kusema pia kwamba bidhaa ilivuka mpaka na mwenye mali hakubaki na nakala. Nakala zilirudi baadaye, na mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha hifadhi ya sauti na picha yenye jina la Wachsmann, chini ya Profesa Sylvia Nannyonga-Tamusuza.

Sauti ikirudi, si kila kitu kinarudi. Bigwala, baragumu za vibuyu zilizopigwa katika sherehe na misiba ya wafalme wa Busoga, ziliingizwa na UNESCO mwaka 2012 katika orodha ya mambo ya kuokolewa haraka. Mabingwa waliobaki walikuwa wazee wanne. Mradi wa kuwafundisha vijana ulipoanza, ilionekana kwamba hata vibuyu vyenyewe vilikuwa vimeacha kulimwa, kwa sababu hakuna aliyevihitaji. Ikabidi kwanza zitafutwe mbegu, zipandwe, na watu wangoje mavuno.