Hiyo "E" ya E. coli ni ya Nani?

Wanachuo wenzangu, E. coli tunaikariri tangu sekondari, tunaimwaga kwenye mtihani, basi, imeisha. Mimi nikajiuliza hiyo E ni ya nani. Ni ya Theodor Escherich, daktari wa watoto aliyezaliwa mwaka 1857 mjini Ansbach, Ujerumani.

Mwaka 1884 alikwenda Naples, Italia, kulikozuka kipindupindu. Aliporudi Munich akajikita kwenye kazi ambayo wengi wangeikimbia: kuchunguza kinyesi cha watoto wachanga. Enzi hizo kuhara kuliua watoto wengi sana Ulaya, hasa wasionyonyeshwa.

Escherich aliona kwamba kinyesi cha kwanza cha mtoto hakikuwa na bakteria, lakini ndani ya siku moja walikuwa wameshaingia. Kumbe wanatoka nje! Mwaka 1885 akaeleza kuhusu bakteria mmoja mwenye umbo la kijiti, akamwita Bacterium coli commune. Jina la Escherichia lilikuja mwaka 1919, yeye akiwa kaburini.

Hakuishia maabara. Alifundisha Graz, kisha mwaka 1902 akahamia Vienna. Mwaka uliofuata akaanzisha chama cha kulinda watoto wachanga, akahimiza akina mama wanyonyeshe. Alifariki mwaka 1911, akiwa na miaka 53 tu.

Sasa tuje jikoni kwetu. Uji wa mtoto ukichemka vizuri, vijidudu vingi hufa. Tatizo ni baadaye: mama anawahi shambani au sokoni, uji wa asubuhi unawekwa hadi mchana. Mikono, kikombe au maji ya kuzimulia vikiwa vichafu, E. coli anaingia, na kwenye uvuguvugu ule anazaliana haraka. Siyo kila E. coli ana madhara, ila wapo wanaoharisha watoto vibaya.

Bibi zetu wanaotengeneza togwa hawakusoma Munich, lakini ule uchachu huzuia vijidudu vingi kukua. Hata hivyo, hauondoi haja ya kunawa mikono kwa sabuni.

Sisi wa ualimu, tukienda mazoezini, tusiishie kuandika E. coli ubaoni. Wanafunzi wetu wengi ndio wanaobaki nyumbani kuwalisha wadogo zao. Tuwaambie wapike uji kidogo, mtoto anywe ungali fresh, na uliolala wasimpe.