Kiti Kilichoachwa Wazi

Wazee wa Ufipa husimulia kwamba mfalme wa Milansi alikwenda kuwinda, na nyuma yake wakafika wanawake wageni watatu. Mkewe akawapa kiti cha mfalme wakalie. Mwenyewe aliporudi, nchi ilikuwa imekwisha kupata watawala wengine. Hivyo Mfipa ajua ya kuwa kiti hakimngoji aliyetoka. Swali ni nani atakikalia, na kwa haki gani. Swali hilo latukumbusha maisha ya Marehemu Bibi Lorna Laboso wa nchi jirani ya Kenya.

Mwezi Desemba, 2007, wananchi wa Sotik walimchagua Bibi Laboso kuwa Mbunge wao kwa tiketi ya chama cha ODM. Uchaguzi huo ulifuatwa na machafuko yaliyomwaga damu nyingi. Serikali ya mseto ilipoundwa mwaka 2008, naye akapewa kazi ya Waziri Msaidizi wa Mambo ya Ndani.

Hakuifanya siku nyingi. Jimbo la Ainamoi lilikuwa halina mbunge, kwa kuwa mbunge wake aliuawa mwezi Januari, na uchaguzi mdogo ulikuwa ufanyike tarehe 11 Juni. Siku moja kabla, Bibi Laboso alipanda ndege ndogo mjini Nairobi pamoja na Bwana Kipkalya Kones, Waziri wa Barabara na Mbunge wa Bomet, kuelekea Kericho. Ndege haikufika. Ilianguka Enoosupukia, katika Narok, na wote waliokuwamo wakafa. Waliokwenda kusaidia kujaza kiti kimoja wakaacha viwili wazi.

Tarehe 25 Septemba mwaka ule ule, Bomet ilimchagua Bibi Beatrice Kones, mjane wa Waziri, na Sotik ikamchagua Bibi Joyce Laboso, ndugu wa marehemu, aliyekuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Egerton. Mtu aweza kusema kwamba hizo zilikuwa kura za huruma. Huenda zilikuwamo. Lakini huruma ya wapiga kura humvusha mtu mto mmoja tu. Mto wa pili huvuka kwa miguu yake mwenyewe.

Bibi Joyce aliuvuka. Mwaka 2013 alirudishwa Bungeni, akawa Naibu Spika wa Bunge la Taifa. Mwaka 2017 alimshinda Gavana aliyekuwapo madarakani, Bwana Isaac Ruto, akawa Gavana wa Bomet na mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa kwa cheo hicho nchini Kenya. Alipofariki tarehe 29 Julai, 2019, kiti hakikutafutiwa ndugu mwingine. Kilikwenda kwa naibu wake, kama ilivyoamriwa na sheria.

Hapo ndipo penye fundisho kwetu sisi wa chama. Kila majira ya uteuzi yafikapo, hawakosi vijana wanaobeba jina la baba kama hati ya shamba. Jina jema ni heshima, wala si dhambi kulibeba. Lakini kiti cha Milansi kilitolewa na mke wa mfalme. Kiti cha Bunge hutolewa na wananchi, nao hukitaka tena kila muhula ufikapo mwisho.