Tessema, mtu aliyeidai Afrika nafasi yake uwanjani

KIGALI – Kuna wakati Afrika nzima haikuwa na hata nafasi moja ya uhakika katika Kombe la Dunia. Miongoni mwa waliobadili hali hiyo ni Mwethiopia Ydnekatchew Tessema.

Alizaliwa mwaka 1921 mjini Jimma. Baba yake, Tessema Eshete, alikuwa mshairi na mwimbaji aliyerekodi nyimbo Ujerumani mwanzoni mwa karne iliyopita. Kijana huyo alikua wakati Italia inaikalia Ethiopia, kuanzia 1936 hadi 1941, na akaona weupe na weusi wakitenganishwa hata michezoni. Aliichezea klabu ya Saint George ya Addis Ababa kwa zaidi ya miaka 20, pamoja na timu ya taifa.

Mwaka 1957 alikuwa mmoja wa waasisi wa Shirikisho la Soka Afrika, CAF, mjini Khartoum. Nchi zilikuwa nne tu: Misri, Sudan, Ethiopia na Afrika Kusini. Afrika Kusini ilitaka kuleta timu ya weupe watupu au ya weusi watupu. Ilikataliwa, na Kombe la kwanza la Mataifa ya Afrika likachezwa na nchi tatu.

Mwaka 1962, akiwa kocha, aliiongoza Ethiopia kuifunga Misri mabao 4-2 katika fainali iliyokwenda muda wa nyongeza. Hadi leo hilo ndilo taji pekee la Ethiopia.

Vita kubwa zaidi ilikuwa mezani. FIFA ilipotenga nafasi moja tu kwa Afrika na Asia kwa pamoja, nchi za Afrika zilisusia Kombe la Dunia la 1966, na Tessema alikuwa mmoja wa waliosimamia mgomo huo. Mwaka 1970 Afrika ilipata nafasi yake yenyewe, na Morocco ikaitumia. Tessema alichaguliwa rais wa CAF mwaka 1972. Mwaka 1976 FIFA iliifukuza Afrika Kusini, na mwaka 1982 Afrika ikapeleka timu mbili.

Aliunga mkono pia kanuni ya kuwawekea kikomo wachezaji wa ng'ambo katika timu za taifa, ili soka ikue nyumbani. Kanuni hiyo iliwaacha nje nyota wengi na hatimaye ikaondolewa. Lakini wazo halikufa. CHAN, mashindano ya wanaocheza ligi za nchi zao, yalifanyika Rwanda mwaka 2016, baadhi ya mechi zikichezwa Rubavu, karibu na mpaka wa Goma. Kongo ndiyo iliyobeba kombe Kigali, kwa kuifunga Mali 3-0.

Tessema alifariki Agosti 1987, akiwa bado rais wa CAF. Hakuishi kuiona Afrika Kusini ikirudi na timu ya rangi zote na kutwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1996.