Mali ya Umma ni Amana

Wengi wetu tusikiapo neno yoga huwaza kunyoosha viungo na kuvuta pumzi. Hata hivyo, Patanjali, mwanafalsafa wa kale wa Bara Hindi, alitanguliza miiko mitano ya mwenendo kabla ya zoezi lolote la mwili. Mwiko wa tano huitwa aparigraha, yaani kutojilimbikizia mali. Sijui kiongozi wa karne ya 20 aliyejitahidi kuuishi mwiko huo hadharani kumshinda Mohandas Gandhi.

Gandhi, aliyezaliwa mwaka 1869, hakutoka katika ufukara. Baba yake alikuwa waziri mkuu wa ufalme mdogo wa Porbandar, naye mwenyewe alisomea sheria London kisha akawa wakili Afrika Kusini. Mwaka 1901, alipojiandaa kurejea kwao, Wahindi wa Natal walimtunza dhahabu, fedha na almasi kwa jinsi alivyowatetea. Mkewe, Kasturba, alitunukiwa mkufu wa gini 50. Usiku huo Gandhi hakupata usingizi. Je, mtumishi wa watu aweza kupokea malipo ya utumishi wake na bado akaitwa mtumishi? Hatimaye aliamua kwamba vito vyote viwekwe chini ya wadhamini kwa manufaa ya jamii.

Kasturba alipinga. Alitaka kujua mumewe alikuwa na haki gani juu ya mkufu usio wake, ilhali yeye naye alitaabika nyumbani usiku na mchana ili mume apate kuwatumikia watu. Hoja hiyo ilikuwa nzito, na sioni kwamba ilijibiwa ipasavyo. Mke alikubali shingo upande. Kujinyima ni fadhila, lakini kumnyima mwenzio ni jambo jingine kabisa.

Baadaye, akiisoma Bhagavad Gita huko Johannesburg, Gandhi alitatizwa na mwiko huohuo. Je, awaache mke na watoto, na vitabu vyake avichome moto? Sheria ya Kiingereza aliyoisomea ndiyo iliyomfungua macho. Mdhamini huweza kushika mali nyingi mikononi, asihesabu hata senti moja kuwa yake. Basi akaiachilia mbali bima ya maisha ya rupia 10,000 aliyoichukua Bombay, na mwaka 1904 akaanzisha makazi ya Phoenix, ambako wakazi waliishi kwa jasho lao. Kuanzia 1921 alivaa shuka ya mkulima, na ndiyo aliyoivaa mwaka 1931 alipomzuru Mfalme George wa Tano. Alipouawa Delhi tarehe 30 Januari 1948, aliacha vitu vichache tu, vikiwemo saa, miwani na ndara.

Sanamu yake imesimama katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Simshauri mwalimu wala mwanafunzi avae shuka, maana mshahara halali si dhambi, na familia ina haki zake. Lakini kesho mmoja wenu atashika hazina ya chama cha ushirika, mwingine karo za wazazi, na mwingine ufunguo wa ghala la wilaya. Siku hiyo na ajiulize swali la mdhamini: mali hii ni yangu, au ni amana?