Msiri wa Bunkeya: mwindaji, mfalme na neno Bayeke

Nilikua Kolwezi nikidhani kwamba Bayeke ni jina la kabila tu, kama walivyo Basanga, Balunda au Baluba. Hakuna aliyeniambia kuwa jina hilo lina maana. Nilipoanza kusoma lugha za Unyamwezi na Usumbwa, kule magharibi mwa Tanzania, ndipo nilipokutana na neno bayege. Huko halikuwa jina la kabila. Lilikuwa jina la chama cha wawindaji wa tembo, watu waliofunzwa kazi, wenye dawa zao na miiko yao. Kumbe kabila zima la kwetu, lenye mwami wake na kiti chake cha enzi, linaitwa kwa jina la kazi. Nimeandika maisha haya ya Msiri ili nielewe jinsi kazi ilivyogeuka ufalme, na ni nini kilichobaki baada ya ufalme kuanguka.

Alizaliwa Usumbwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, akaitwa Ngelengwa. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara wa shaba. Wakati ule Wanyamwezi na Wasumbwa walikuwa wakisafiri kwa miguu kuzunguka kusini mwa ziwa Tanganyika, wakipita nchi ya Kazembe, hadi kwa chifu Katanga, mahali ambapo mafundi waliyeyusha mawe ya kijani na kuyamimina yawe misalaba ya shaba. Mwana alifuata njia ya baba, lakini aliona jambo ambalo baba hakulitilia maanani. Nchi ile ilikuwa na shaba, chumvi na tembo wengi, ila haikuwa na bunduki. Katikati ya miaka ya 1850 alirudi Katanga akiwa na wenzake wa chama cha uwindaji, na safari hii hakuondoka.

Bunduki zao zilikuwa magobore: mtutu mmoja laini, unaojazwa kwa mbele, baruti kwanza, kisha risasi, kisha kushindilia kwa ufito. Kwetu bado zipo za kuchongwa na mafundi wa vijijini, tunaziita pupu. Gobore lina tabia moja ambayo mwindaji huipenda. Ukitia risasi moja kubwa, unamwendea tembo. Ukitia marisau, unapiga kanga au ndege. Wazungu waliowinda kusini mwa Afrika mwishoni mwa karne ile walilitatua jambo hilo kwa namna nyingine, wakabeba bunduki yenye mitutu miwili iliyounganishwa ubavu kwa ubavu: mmoja wenye mifereji ndani ya kuizungusha risasi iende mbali na sawa, mwingine laini wa marisau. Mwindaji wa Kisumbwa alikuwa na mtutu mmoja tu kwa kazi zote mbili, na ilimbidi amkaribie mnyama hatua chache kabla ya kufyatua. Kwa hiyo ujasiri na dawa vilikuwa sehemu ya silaha yenyewe.

Katika nchi zetu mwindaji si mtu wa kawaida. Balunda husimulia kwamba enzi yao ilianza kwa mwindaji mgeni, Chibinda Ilunga, aliyefika kutoka Uluba. Wachongaji wa Kichokwe wa karne ya 19 walipomchonga shujaa huyo wa zamani walimtia bunduki mkononi, ingawa kisa chake ni cha kabla ya bunduki kufika. Nadhani kosa hilo la tarehe linatueleza mengi. Kwa watu wa kizazi cha Msiri, mwindaji bila bunduki hakuwa tena na sura ya mfalme.

Msiri alianza kama mgeni mwenye msaada. Masimulizi yanasema aliwasaidia machifu wa Basanga kuwafukuza Baluba waliokuwa wakiwavamia, na bunduki chache zilitosha kuwatisha watu ambao hawajazizoea. Kisha msaada ukageuka ulinzi, ulinzi ukageuka kodi. Alizikalia nchi za machifu waliompokea, akawa mwami wa nchi iliyoitwa Garenganze, na karibu na mwaka 1880 mji wake mkuu ukawa Bunkeya, ambayo leo imo katika mkoa wetu wa Lualaba. Pembe za tembo zilikuwa mali yake. Misafara ilimjia kutoka pande mbili za bara: Waswahili na Wanyamwezi kutoka mashariki, na wafanyabiashara wa Bihé na Benguela kutoka magharibi. Alioa wake kutoka kila nchi aliyoishika, akawatumia kama macho na masikio yake. Mmoja wao, Maria de Fonseca, alikuwa na damu ya Kireno, naye alimfungulia njia ya Angola.

Sitaki kumpamba. Pamoja na pembe na shaba, Msiri aliuza watu. Wageni waliofika Bunkeya waliona mafuvu ya binadamu juu ya miti ya ua wake. Nkambo wangu, bibi mzaa mama, alikuwa Msanga, na katika nyumba yake jina la Msiri halikutajwa kwa furaha. Nyumba ya tatu kutoka kwetu waliishi Bayeke, ambao kwao Msiri ni babu anayeadhimishwa Bunkeya kila Desemba. Watoto wa nyumba hizo mbili tulicheza pamoja, tukawa na Msiri wawili.

Hapa nataka kusimama kidogo kwenye maneno. Bunduki ni neno la Kiarabu ambalo mzizi wake ni kokwa, yaani njugu ya mviringo kama kidonge kinachorushwa. Risasi, nalo la Kiarabu, ni jina la madini mazito ya kijivu kabla ya kuwa jina la kinachotoka kwenye mtutu. Lakini katika nchi ya Msiri kidonge hicho kiliweza kufuliwa kwa chuma, au kwa shaba ya kwetu. Kwa hiyo kulikuwa na risasi isiyo risasi. Leo Kolwezi tunasema masasi, na hakuna anayewaza madini yoyote. Mhunzi wa Katanga aliweza kutengeneza masasi na kukarabati gobore. Kitu alichokitegemea kutoka pwani kilikuwa baruti. Hapo ndipo nguvu ya Msiri ilipokuwa, na hapo ndipo udhaifu wake ulipokuwa.

Basanga waliasi. Masimulizi yanaanzia kwenye kuuawa kwa mwanamke aliyeitwa Masengo, lakini kuni zilikuwa zimekauka siku nyingi. Waasi walizivizia njia, misafara ikapungua, na mfalme wa bunduki akaanza kuhesabu vipimo vya baruti. Ndiyo maana, naamini, aliwavumilia Wazungu. Mmisionari Frederick Stanley Arnot alifika Bunkeya mwaka 1886. Dan Crawford alifuata mwaka 1890. Mwaka huo huo Alfred Sharpe alileta mkataba wa Waingereza, Msiri akaukataa. Mwaka 1891 alikuja Paul Le Marinel, kisha Alexandre Delcommune, wote kwa ajili ya dola la mfalme Leopold wa Ubelgiji. Msiri alitaka biashara, hakutaka bendera.

Desemba 1891 ukafika msafara wa nahodha William Stairs, mzaliwa wa Kanada aliyekuwa akimtumikia Leopold. Ulikuwa na watu zaidi ya 300, wengi wao walioajiriwa pwani, wenye bunduki za kisasa zinazojazwa kwa nyuma. Stairs alipandisha bendera juu ya kilima bila ridhaa ya mfalme. Msiri akaondoka usiku kwenda kijiji cha Munema. Tarehe 20 Desemba nahodha Omer Bodson alitumwa kumkamata. Yakatokea mabishano, Bodson akampiga Msiri kwa bastola, naye Bodson akapigwa risasi na mtu wa Msiri, akafa siku hiyo hiyo. Stairs mwenyewe alikufa kwa homa Juni 1892, huko Chinde, akiwa njiani kurudi, hajatimiza miaka 29. Bayeke wanasimulia kwamba kichwa cha mfalme wao kilikatwa na kuchukuliwa, na kwamba hakijarudi.

Jambo moja linanisumbua kila ninapolifikia. Askari waliozunguka Munema asubuhi ile walizungumza lugha ninayoiandikia hapa.

Mwanawe, Mukanda Bantu, alichagua kuishi. Alijiunga na dola la Leopold na akalisaidia kupigana na Basanga. Mwaka 1892 mjiolojia Jules Cornet alizipima shaba za Katanga, na mwaka 1906 iliundwa kampuni ya Union Minière, ambayo baadaye ilichimba Kolwezi. Enzi ya pembe ikaisha, ikaja enzi ya mashimo.

Lugha je? Kisumbwa cha watawala hakikudumu. Crawford, aliyeishi katika mji wa mfalme, alipotafsiri Agano Jipya hakulitafsiri kwa lugha ya ikulu, bali kwa Kiluba-Kisanga, lugha ya wengi. Bayeke walioa Basanga, watoto wakanyonya Kisanga, na leo Kiyeke kimebaki hasa katika majina, sifa na ibada za wafalme. Wale walioshindwa kwa bunduki walishinda mezani na kitandani.

Nimewahi kumweleza jirani yetu wa Kiyeke, mzee wa makamo, kwamba jina la kabila lake maana yake ni wawindaji wa tembo. Tulikuwa tunaongea Kisanga. Alinyamaza kidogo, akauliza kama neno hilo bado linatumika huko Tanzania. Nilimjibu kuwa nimelikuta vitabuni tu. Aliniomba nimwandikie kwenye karatasi, na nikaliandika kwa herufi kubwa, kwa tahajia zote mbili.